Dresaji kwa Mpandaji Mzoefu: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kurekebisha

Mtu aliyepanda farasi miaka mingi kwenye ufukwe wa Bagamoyo, anayepita kati ya mashua za wavuvi bila farasi kushtuka na kupiga shoti kwenye mchanga mgumu hadi karibu na Kaole, akianza dresaji hukutana na mambo asiyoyategemea. Farasi yuleyule mtulivu anaanza kurusha kichwa. Duara linakuwa yai. Mwili uliozoea kutulia unarukaruka kwenye tandiko. Wengi hapo huamua kwamba farasi wao hafai, au kwamba wao wenyewe wamechelewa kuanza. Nawasihi wasiamue haraka. Karibu kila tatizo la hatua hizi lina chanzo kinachopatikana ukikitafuta, ila mara nyingi hakikai pale dalili inapoonekana. Linaloonekana mdomoni huwa limeanzia miguu ya nyuma, la miguu ya nyuma limeanzia kiunoni mwa mpandaji, na linaloitwa ukaidi limeanzia kwenye jino.

Dresaji ni mafunzo ya kumfanya farasi awe mnyoofu, mwepesi wa kusikia, na mwenye nguvu ya kubeba uzito wake na wako kwa miguu ya nyuma. Mashindano hufanyika katika kiwanja cha mita 20 kwa 40 au 20 kwa 60, chenye herufi pembezoni. Kila zoezi huanza au kuishia kwenye herufi iliyotajwa, na jaji hutoa alama kuanzia 0 hadi 10. Huku kwetu kiwanja kinaweza kuwa kamba ya katani na madumu ya lita 20 yaliyoandikwa herufi kwa rangi. Kinatosha kabisa, mradi vipimo viwe vya kweli.

Ukikutana na tatizo lolote kati ya haya yafuatayo, fuata mpangilio huu: maumivu kwanza, kisha vifaa, kisha ardhi na joto, kisha mwili wako, na mwisho kabisa ndipo uulize kama farasi hajafunzwa jambo hilo. Ukianza na mafunzo wakati farasi anaumwa, unamfunza kuogopa kazi, na hofu hiyo huchukua muda mrefu kuondoka kuliko maumivu yenyewe.

Kabla ya yote: kuna kinachomuuma?

Baada ya nusu saa ya kazi, vua tandiko na utazame mgongo kabla jasho halijakauka. Kwa joto la pwani kitambaa cha chini ya tandiko hulowa chote. Ukikuta nyuma ya mabega kuna madoa mawili makavu, kila moja ukubwa wa kiganja, ilhali pembeni kote kumelowa, usiendelee kupanda kwa tandiko hilo mpaka ujue sababu. Mara nyingi tandiko ni jembamba na linabana nyama kiasi kwamba jasho halitoki. Doa kavu huweza pia kuwa mahali ambapo tandiko haligusi kabisa, kwa hiyo pitisha ncha za vidole taratibu. Farasi akizamisha mgongo, akilaza masikio nyuma au akitikisa ngozi, amekwisha kukujibu.

Wengi hukimbilia kuongeza kitambaa cha pili. Tandiko jembamba likiongezewa kitambaa hubana zaidi. Matandiko mengi huku hupita kutoka farasi mmoja hadi mwingine, na lililomkaa vema farasi mwembamba humbana mnene. Likae nyuma ya mfupa wa bega bila kuuzuia kurudi nyuma, na eneo linalobeba uzito lisivuke ubavu wa mwisho, yaani wa 18. Ubavu huo utaupata kwa kupapasa ubavuni na kufuata upinde wake kwenda juu hadi karibu na uti wa mgongo.

Meno yakaguliwe na daktari wa mifugo walau mara moja kwa mwaka. Farasi anayedondosha majani aliyotafuna nusu, anayeinamisha kichwa upande mmoja akila, au anayekataa lijamu upande mmoja tu, usimpande mpaka mdomo wake utazamwe. Mkanda wa pua nao upimwe juu ya mfupa wa pua: vidole viwili vipite chini yake bila kulazimisha. Ukiupima pembeni, kwenye nyama, utadanganyika.

Farasi aliyekuwa na nguvu wiki iliyopita na leo anaburuta kwato, mpime joto la mwili kabla ya kumwita mvivu. La kawaida akiwa ametulia ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Ukanda wetu una kupe wanaoeneza magonjwa ya damu, na upande wa kaskazini kuelekea Saadani kuna mbung'o wanaoeneza nagana, yaani malale ya mifugo. Kuna pia ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi, wadudu wanaouma zaidi kuanzia jua linapozama hadi alfajiri. Ndiyo maana napenda farasi wawe bandani kabla ya magharibi, na kazi ianze jua likishachomoza, kama saa moja, iishe kabla ya saa tatu. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, hewa ina unyevu mwingi na jasho halikauki mwilini, kwa hiyo farasi hapoi upesi. Anayehema kwa nguvu muda mrefu baada ya kazi fupi anahitaji kivuli na maji mengi ya kumwagiwa, na somo liahirishwe.

Ardhi nayo ni chanzo. Mchanga mkavu wa juu ya ufukwe huzama na kuchosha kano za miguu, na zoezi la duara humo ni hatari. Mchanga mgumu uliolowa, maji yakiwa yamekupwa, ni mzuri zaidi, lakini mara nyingi una mteremko kuelekea baharini. Nitaurudia mteremko huo, maana unaharibu farasi wengi bila wenyewe kujua.

Anarusha kichwa na kuchezea lijamu

Dalili hii hupotosha watu kuliko nyingine zote, kwa sababu inaonekana mdomoni na mkono uko karibu kuijibu. Ukishamaliza habari ya meno na vifaa, chunguza anarusha wakati gani hasa. Akifanya hivyo katika mwendo mmoja tu, tazama mikono yako.

Farasi akitembea, kichwa chake hushuka na kupanda kwa kila hatua. Katika kanta, mwendo ulio polepole kuliko shoti, pia ni hivyo. Katika troti, yaani kwenda matiti kama wasemavyo wenye punda, kichwa hukaa karibu palepale. Kwa hiyo mkono mzuri hufuata kichwa katika kutembea na katika kanta, na hutulia katika troti. Mpandaji wa ufukweni amezoea hatamu ndefu, na kwa hatamu ndefu kosa la mkono halimfikii farasi. Siku anapozifupisha kwa ajili ya dresaji, mkono unaganda wakati wa kutembea, na katika troti ya kuinuka unapanda na kushuka pamoja na mwili. Kila anapoinuka, lijamu linapiga mdomo.

Dawa iko kwenye kiwiko. Kifunguke unapoinuka, kikunjike unapokaa, ili mkono ubaki palepale mwili ukiwa safarini. Ujipime hivi: kidole cha mwisho cha kila mkono kiguse nywele za shingo, kisha zunguka kiwanja kwa troti. Kila kidole kinapoachana na shingo, farasi anasikia mtikisiko mdomoni.

Kipimo cha pili ni kusogeza mkono wa ndani, yaani ulio upande wa katikati ya kiwanja, mbele kando ya shingo kwa hatua mbili tatu, kisha kuurudisha. Zoezi hili limo hata katika majaribio ya mashindano. Farasi akibaki na kasi ileile na umbo lilelile, anajibeba mwenyewe. Akiongeza mbio au akiangusha kichwa, ulikuwa unamshikilia.

Liko pia kosa la wenye huruma. Wanaogopa kumuumiza, basi wanaacha hatamu zilegee, halafu farasi akitikisika zinakaza ghafla. Mdomo unapata mshtuko kila mara. Mgusano mwepesi usiokatika ni wa upole zaidi kuliko hatamu inayolegea na kukaza, na farasi hutulia akijua mkono upo wapi.

Shingo imekunjwa kwa kupendeza, lakini hakuna kinachokwenda

Hapa mpandaji ameona picha za mashindano, akataka shingo ile. Akavuta kushoto, akavuta kulia, pua ikaingia kifuani. Kwa mbali inapendeza. Ukitazama miguu ya nyuma, inaburuzwa.

Utosi, pale katikati ya masikio, uwe ndio mahali pa juu kabisa pa shingo, na pua iwe kwenye mstari wima au mbele yake kidogo. Pua ikirudi nyuma ya mstari huo, farasi amelikimbia lijamu. Usiinue kichwa chake kwa mikono. Acha kuvuta, kisha mwombe aende mbele kwa miguu yako. Fanya mabadiliko mengi ya mwendo, kutembea kwenda troti, troti kurudi kutembea, kwenye duara la mita 20. Kisha acha hatamu ziteleze vidoleni taratibu. Farasi aliyefunzwa vema atazifuata kwa kunyoosha shingo mbele na chini, mdundo ukibaki uleule. Akinyanyua kichwa ghafla, au akibaki amejikunja hatamu zikiwa ndefu, umbo lile lilikuwa la kulazimishwa, na itabidi urudi nyuma kwa wiki kadhaa. Nasema wiki bila kuomba radhi. Misuli ya mgongo na shingo haijengeki kwa siku mbili.

Mdundo unavunjika, au anakimbia ukiomba hatua kubwa

Kutembea kuna mapigo manne, troti mawili, kanta matatu yanayofuatiwa na kitambo ambacho miguu yote iko hewani. Wajerumani, ambao ngazi yao ya mafunzo ndiyo inayofuatwa na wengi leo, waliweka mdundo mwanzo kabisa, kisha ulegevu wa misuli, mgusano wa hatamu, msukumo, unyoofu, na mwisho kujikusanya, yaani kubeba uzito zaidi kwa miguu ya nyuma. Mkazi wa Bagamoyo aliyewahi kusikiliza wanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa, wakifanya mazoezi ya ngoma anajua mkono mmoja ukichelewa mchezaji hupoteza mguu. Sikiliza kwato namna hiyohiyo, na ikibidi uhesabu kwa sauti.

Chanzo cha kukimbia mara nyingi ni kifua cha mpandaji. Kwa miaka umempigisha shoti ukiwa umeinamia mbele, na farasi amejifunza kwamba kifua kikienda mbele, mbio zinaanza. Sasa unataka hatua ndefu katika troti, unainama bila kujua, naye anatii jambo ambalo hukukusudia kuomba. Kaa wima. Punguza kasi ya kuinuka kwako mwenyewe: baki juu kitambo kidogo zaidi, shuka taratibu. Farasi wengi hufuata mdundo wa mwili wa mpandaji kabla ya kufuata hatamu, na ukilijua hilo utaacha kuvuta.

Kisha jifunze nusu-simama. Ni ombi fupi la pumzi moja: unakaza tumbo na mgongo kana kwamba unataka kusimama, miguu inabaki ikimgusa, vidole vya mkono wa nje vinafumba hatamu, na kabla hajasimama unalegeza vyote. Kulegeza ndiko kunakomfundisha. Ukifumba vidole na kusahau kuvifumbua, umevuta tu, na farasi naye atavuta.

Kutembea ndiko kunakoharibika kirahisi kuliko miendo yote. Ukiona mguu wa mbele na wa nyuma wa upande mmoja vinakwenda karibu pamoja, umebana hatamu mno au farasi ana wasiwasi. Mpe hatamu ndefu, mpeleke njia ya mashambani yenye mabonde madogo, mpitishe juu ya mbao chache zilizolazwa chini. Kanta ikiwa na mapigo manne, umeipunguza kwa mikono mpaka imekufa; iache iende mbele tena.

Duara limekuwa yai, na mstari ulionyooka umepinda

Kwanza hakikisha unajua duara lilipo. Katika kiwanja cha mita 20 kwa 40, duara la mita 20 linaloanzia A, katikati ya ukingo mfupi, hugusa ukingo mrefu mita 10 kutoka kona, yaani mita 4 baada ya herufi ya K au F, na hupita kwenye X, kitovu cha kiwanja. Katika kile cha mita 60 halifiki X. Linaishia mita 10 kabla yake. Wengi huenda mpaka kwenye kona kwa sababu macho yamezoea kona. Chomeka kijiti mahali pa kitovu, funga kamba ya mita 10, chora duara mchangani, halafu pita juu ya mstari. Utashangaa jinsi ulivyokuwa mbali nao.

Ukishaujua mstari na bado farasi anautoka, tazama anautoka kwa upande gani. Akisukuma bega nje, kwa kawaida unavuta hatamu ya ndani: shingo inakunjika ndani, bega linatoroka nje. Legeza mkono wa ndani, shika ya nje kwa uthabiti, na mguu wako wa nje umzuie. Akiangukia ndani, huenda wewe mwenyewe umeinamia ndani kama afanyavyo anayekata kona kwa mbio. Kaa katikati, mguu wa ndani umwombe asogee nje kuelekea hatamu ya nje.

Kila farasi ana upande mgumu, kama sisi tulivyo na mkono wa kulia au wa kushoto. Ila farasi wa ufukweni wana nyongeza. Mpandaji hutoka na kurudi njia ileile, lakini shoti hupigwa upande mmoja tu, kwa mfano kwenda kusini, na kurudi ni kutembea. Mbio zote hufanyika bahari ikiwa kushoto na ardhi ikiinamia kushoto. Miaka ikipita, mwili umejengeka hivyo. Juu ya hilo, mpandaji huinuka katika troti kwa kufuata mguu uleule wa farasi daima bila kuutazama. Tazama bega la nje la farasi: likienda mbele, inuka, likirudi nyuma, kaa. Ukikosea, kaa pigo moja zaidi kisha inuka. Kila ukibadilisha upande kiwanjani, badilisha na hilo. Mpandaji mzoefu aliyekaa miaka bila kubadilisha atasikia farasi kama mgeni siku za mwanzo. Vumilia, usirudi upande uliouzoea.

Kwa mazoezi, chagua kipande tambarare. Siku za bamvua, maji hukupwa sana katikati ya asubuhi na kuacha uwanda mpana karibu usio na mteremko. Siku za maji mafu ufukwe hubaki mwembamba na wa kuinama, kwa hiyo fanya kazi nchi kavu.

Unyoofu ukianza kuja, ongeza zoezi la bega ndani, ambalo Mfaransa François Robichon de la Guérinière alilifanya msingi wa kumlainisha farasi katika karne ya 18. Farasi anakwenda kando ya ukingo, mabega yameletwa ndani kidogo, mguu wa nyuma wa ndani unafuata mstari wa mguu wa mbele wa nje. Anayekutazama kwa mbele aone mistari mitatu. Akiona shingo tu imepinda na miguu inakwenda katika mistari miwili, umevuta hatamu ya ndani.

Anaanza kanta kwa mguu usio wake

Katika kanta mguu mmoja wa mbele huongoza, na kwenye duara inatakiwa uwe wa ndani. Usimkimbize katika troti mpaka aanguke kwenye kanta. Rudisha troti tulivu, ingia kona, mguu wako wa ndani ubaki kwenye mkanda wa tumbo, wa nje urudi nyuma kidogo, kisha omba. Usiinamie mbele kuchungulia bega. Kuchungulia huko kunaongeza uzito palepale anapotaka kunyanyua. Akikosea, rudi troti bila hasira na uombe tena. Akikosea upande mmoja kila siku, rudi kwenye sehemu ya duara, au kwa daktari.

Unarukaruka kwenye troti ya kukaa

Hapa mpandaji mzoefu huumia moyo, kwa sababu alidhani kukaa ndiyo jambo analoliweza. Analiweza kweli, lakini kwa vikuku vifupi, magoti yakibana na uzito ukiwa miguuni. Dresaji inataka uzito ushuke kwenye mifupa ya kukalia, paja lining'inie, na nyonga zifuate mgongo wa farasi kwa kila pigo. Magoti yakibana, yanakusukuma juu. Visigino vikikandamizwa chini kwa nguvu, nyonga zinafunga.

Usirefushe vikuku kwa mashimo manne siku moja. Shusha shimo moja, panda hivyo mpaka mguu usitafute tena kikuku, kisha lingine. Ukipata mtu anayejua kumzungusha farasi kwa kamba ndefu, panda bila vikuku wala hatamu, mkono mmoja ukishika mbele ya tandiko, ili ujifunze kufuata mwendo bila kumwadhibu farasi mdomoni. Katika kazi ya kawaida, kaa hatua chache tu, inuka tena kabla hujapoteza mwendo. Hatua sita nzuri zinakufunza zaidi kuliko mizunguko miwili ya kupigwapigwa.

Tazama pia kama farasi amepata joto. Mgongo uliokaza hurusha mpandaji, na mpandaji anayerushwa huukaza mgongo zaidi. Duru hiyo huvunjwa na mpandaji: inuka, mlegeze farasi kwa duara kubwa, jaribu tena baadaye.

Miguu yako imechoka, farasi hajasogea

Unampiga miguu kila hatua, naye anazidi kuwa mzito. Chanzo ni kwamba mguu wako hausemi tena kitu. Umekuwa kelele ya kudumu, na yeye amejifunza kuipuuza. Omba mara moja, kwa mguso mwepesi. Asipojibu, gusa tena kwa uwazi pamoja na fimbo mara moja nyuma ya mguu wako. Akiruka mbele, hata akiingia kanta, mwache aende, usimvute. Msifu. Rudi, omba tena kwa mguso ule mwepesi wa kwanza, na akijibu, tuliza miguu kabisa. Kipimo ni kama anaendelea mwenyewe baada ya wewe kunyamaza.

Mwaka 1952, katika Olimpiki ya Helsinki, ambayo ndiyo ya kwanza wanawake kuruhusiwa kushindana katika dresaji, Lis Hartel wa Denmark alipata medali ya fedha akiwa amepooza chini ya magoti kwa sababu ya polio. Farasi wake, Jubilee, alisikia uzito na kiuno. Nawakumbusha hilo wanafunzi wanaotaka vyuma vya visigino kabla hawajajaribu kunyamaza.

Anasimama miguu imetawanyika

Simama kutoka mwendo ulio hai, usififie taratibu. Nusu-simama mbili, miguu ikimgusa, kisha simama. Mguu mmoja wa nyuma ukibaki nyuma, songa mbele hatua moja na usimame tena, usimrudishe nyuma. Akiuacha mguu huohuo kila siku, andika.

Hakuna mwalimu wa kukutazama

Walimu wa dresaji hawajajaa pwani hii. Simu iliyowekwa kwenye kigingi pale C, katikati ya ukingo mfupi unaotazamana na A, itakuonyesha unyoofu, na ukiiweka pembeni, usawa wa B au E, katikati ya ukingo mrefu, itakuonyesha mdundo na mkao. Lakini jicho bora ulilonalo huenda ni la saisi anayemlisha na kumsugua farasi huyo kila siku. Shida ni jinsi tunavyomwuliza. Ukisema, "Mzee, anaendaje?" atakujibu, "Vizuri tu, mwanangu, hana neno." Hilo ni jibu la heshima, na kwa swali hilo hatakupa lingine.

Mwulize kinachoonekana. Asubuhi maji yakiwa yamekupwa, mchanga umelowa na haujakanyagwa, pita mbele yake kwa kutembea katika mstari ulionyooka, shuka, mwende wote wawili mkatazame nyayo. "Mzee, ukwato wa nyuma umekanyaga wapi, ndani ya alama ya wa mbele au nyuma yake?" Atainama, ataweka ncha ya fimbo kwenye alama. "Wa kulia umefika na kupita. Wa kushoto umeishia hapa." Kati ya fimbo na alama ya mbele kuna vidole vinne vya mchanga mtupu. Hapo umepata jibu ambalo video ya simu haikuonyeshi vizuri.

Rudia kwa troti, kisha rudia ukielekea upande wa pili ili mteremko usikudanganye. Mguu ukiwa mfupi upande mmoja wa kwenda na si wa kurudi, ni ardhi. Ukiwa mfupi ukiwa umempanda na sawa akiongozwa kwa mkono bila tandiko, anza na tandiko na jinsi ulivyokaa. Ukiwa mfupi hata akiongozwa kwa mkono, pande zote mbili, siku tatu mfululizo, acha duara na bega ndani na umwite daktari wa mifugo. Mwonyeshe nyayo zenyewe kabla maji hayajajaa, au picha zake ukiwa umelaza fimbo kando ya alama ili aone urefu.